Mikono ya Mama Ndani ya Diski Iliyokufa

Fundi wa kwanza aliifungua diski yangu kwa bisibisi ya kufungulia redio. Mlango wa kibanda chake ulikuwa wazi, vumbi la barabara ya Temeke likiingia linavyotaka, na yeye alikuwa anatafuna muhogo wa kukaanga. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mie mtu mzima, karani wa masijala kwa miaka kumi na sita, ninayemfokea mtu akishika jalada kwa mkono wenye mafuta, nilisimama pale nikaangalia kidole chenye chumvi na pilipili kikiinua kifuniko cha kitu ambacho ndani yake alikuwemo mama yangu.

Akapuliza ndani kwa mdomo, kama anayechochea jiko la mkaa.

"Dada, hii imekufa," akasema.

"Imekufaje? Jana ilikuwa inalia."

"Kulia huko ndiyo kufa kwenyewe." Akakirudisha kifuniko, akakaza skrubu mbili kati ya zile alizofungua, nyingine akazifagia kwa kiganja zikaanguka chini. "Kaiweke kwenye friza siku moja. Zingine zinafufukaga. Kwani kulikuwa na nini?"

"Video za mama yangu. Ni marehemu."

"Aa, video tu," akasema, na akaita mteja mwingine.

Nimeanza na yeye kwa sababu ndiye rahisi kumkasirikia. Hanijui, simjui, naweza kumlaani bila kukosa usingizi. Wengine wawili ninaowakasirikia ni wagumu zaidi: mmoja tumetoka naye tumbo moja, na mwingine ni mie mwenyewe.

Mama yangu alikuwa kiziwi. Alizaliwa anasikia, akapata homa kali akiwa na miaka minne hivi, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Shule hakupelekwa. Kwao, wakati ule, mtoto asiyesikia alionekana ni wa kubaki nyumbani kutwanga na kufagia. Kwa hiyo hakuwahi kujifunza lugha ya alama wanayofundishwa viziwi, wala kusoma, wala kuandika hata jina lake. Alijitungia lugha yake mwenyewe, kwa mikono, uso na mabega. Mama yake akaishika, mdogo wake akaishika, baba yetu alipomuoa akaishika, halafu sie watoto wawili tukaikuta ndani ya nyumba kama watu wengine wanavyoikuta lugha ya kwao. Dunia nzima, watu walioijua vizuri hawakuwahi kufika kumi.

Ijumaa ilikuwa ni kupitisha viganja usoni, kama mtu aliyemaliza dua. Maji ya bomba yalikuwa tofauti na maji ya kisima, kwa sababu ya kisima yalikuwa na kamba. Mie nilikuwa ni kubinya nyama ya mkono juu ya kiwiko, kwa kuwa nilizaliwa mnene, na hata nilipokuja kukonda aliendelea kunibinya hewani vile vile. Kaka yangu alikuwa ni kugonga paji la uso mara mbili, penye kovu lake. Mama mwenyewe alikuwa ni kiganja kimelazwa juu ya meza, maana alikuwa mshonaji, na hivyo ndivyo alivyoisikiliza cherehani yake. Uzi ukikatika alijua kabla yangu mie mwenye masikio.

Baba alipofariki nilirudi Ukonga kuishi naye, mie na binti yangu. Mtoto alikuwa na miaka saba, anatoka alfajiri kwenda shule na kurudi jioni amechoka, na lugha ya bibi yake haikumkaa. Walielewana kwa vitu vya kula na kuoga tu. Siku moja mama alikuwa anasimulia kitu kirefu, anacheka peke yake, mtoto akanivuta nguo: "Mama, bibi anasema nini?" Nilitaka kumtafsiria, nikaona siwezi. Maneno ya mdomo hayakutosha. Nikachukua simu, nikarekodi.

Nikaendelea miaka minne, karibu kila Jumapili baada ya chai, uani. Mama alikubali kwa sharti moja, kwanza abadili khanga. Hakutaka kuonekana na khanga ya jikoni. Alisimulia alivyoolewa, alivyoogopa mtoto wake wa kwanza akilia asimsikie, na jinsi alivyojifunga uzi mguuni, akaufunga na upande wa pili kwenye mguu wa mtoto, ili akirusha miguu aamke. Aliwasengenya majirani, waliohama na waliopo.

Simulizi niliyoipenda kuliko zote ni ya kuku. Kuna jirani aliiba kuku wetu mchana kweupe, mama akiwa dirishani anamwona, kwa hesabu kwamba bubu atamwambia nani. Mama akamshika baba mkono, wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Watu wakakusanyika. Mama akasimama katikati akatembea. Alitembea tu, hatua sita, bega moja chini, kisigino cha kulia kinaburuta, makalio yanakwenda upande wake, na uwanja mzima ukalitaja jina la mwizi kwa pamoja. Alipokuwa anaisimulia mbele ya simu alinyanyuka kwenye mkeka, na miaka yake sitini na kitu, akatembea tena zile hatua sita. Binti yangu alicheka mpaka akajikojolea.

Nilizitunza video hizo kwa utaratibu, nadhani kuliko mtu yeyote mtaani. Kila moja nilikuwa nimeiandika mwaka, mwezi, tarehe na mada. Zilifika mia mbili na kumi na mbili. Simu ilikuwa inajaa haraka, na kila ikijaa nazihamishia kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya, halafu nazifuta kwenye simu. Nahamisha, nafuta. Miaka minne.

Naomba mnielewe kazi yangu ni nini. Ofisini kwetu barua moja inakaa kwenye jalada lake, nakala yake inakaa kwenye jalada jingine, na ikiwa nyeti kuna ya tatu kwenye kabati la chuma chumba kingine, ili moto ukiwaka huku, kule ibaki. Ningemkuta karani ametunza nyaraka mia mbili mahali pamoja, hazina nakala, ningemshtaki kwa bosi siku hiyo hiyo. Mie nyaraka zangu niliziviringisha kwenye kipande cha kitambaa cha mama, nikaziweka kabatini juu ya mashuka, nikaona nimehifadhi. Mtu wetu wa kompyuta ofisini alishawahi kuniambia wazi, "Mama, hizi diski zote zinakufa, ishu ni lini tu. Weka bakapu, nakala ya pili." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, nikaendelea na chai yangu. Niliona kitu cheusi, kizito, kina chuma, nikakiamini kama watu wa zamani walivyoliamini sanduku la bati.

Mama alifariki kwa presha, baada ya siku tatu za hospitali. Siku tatu hizo nilikuwa mdomo wake na masikio yake. Nesi mmoja alikuwa anainama na kumpigia kelele sikioni, "Bibi! Geuka!", kana kwamba kiziwi ni mtu mkaidi. Mara ya tatu nilimwambia akirudia tena nitampigia kelele yeye. Mama akauliza kwa mkono, mnagombana nini? Nikamjibu, anasema ugeuke. Akageuka. Hayo ni kati ya mazungumzo yetu ya mwisho.

Baada ya mazishi sikuthubutu kufungua video hata moja. Nilijiambia, zipo. Hitima ya arobaini ilipokaribia nikaona sasa naweza, nikatoa eksteno, nikaichomeka. Taa ikawaka. Kisha ikaanza: tk, tk, tk, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kompyuta haikuonyesha kitu. Nikachomoa, nikachomeka. Nikabadilisha waya. Nikaigonga kidogo kwa kiganja. Nikaiwasha na kuizima asubuhi nzima, labda mara ishirini, na kila mara ililia hivyo hivyo. Kesho yake nikaenda kwa yule fundi wa muhogo.

Nilipotoka kwake nilikaa kitandani na eksteno mapajani, na hapo ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona mwanzo. Kwenye kona moja kulikuwa na alama, plastiki imebonyea. Na kitambaa nilichokuwa nimekivua juu yake kilikuwa bado kipo pale kabatini, na mikunjo yake haikuwa yangu. Mie hukunja pembe kwa ndani. Hiki kilikuwa kimezungushwa tu.

Nikamwita binti yangu. "Nani aligusa hiki?"

"Mjomba," akasema. "Alikuja kuichukua wiki ile baada ya msiba, wewe ulikuwa kazini. Alisema asikusumbue. Halafu akairudisha."

Kaka yangu anaishi Madale, kwenye nyumba aliyoijenga kilimani. Nilikwenda Jumapili mchana bila kupiga simu. Wifi akanipokea kwa furaha, akaniingiza sebuleni, na sebuleni walikuwa wamekaa wazazi wake, wazee wa Iringa, wamekuja kutoa pole ya msiba kwa kuwa hawakuwahi mazishi. Nikapiga shikamoo, nikapewa pole, nikaketishwa. Kaka akatoka chumbani, aliponiona uso wake ulibadilika, nikajua.

Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Kaka, uliichukua eksteno yangu?"

"Ipi?"

"Usiniulize ipi."

Akawatazama wakwe zake. Kisha akainua mikono akasema kwa lugha ya mama: si hapa. Na mie nikamjibu kwa lugha ile ile: hapa hapa.

Basi tukagombana mbele ya wageni, kwa mikono, bila sauti, mie kwenye kochi moja na yeye kwenye jingine. Tulizoea. Tangu utoto tulikuwa tukigombana hivyo majirani wasisikie.

Ilianguka, akasema mkono wake.

Wapi?

Kwenye stendi ya tivii. Niliitia tamthilia kwa kuwa ilikuwa na nafasi, nikaichomeka nitazame. Umeme ulikatika, nikapita gizani, nikakanyaga waya.

Ukanyamaza.

Ulikuwa unalia kila siku. Ningekuambiaje?

Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nalia, ni kweli. Lakini zilipita wiki nne nyingine ambazo sikulia, na alikuja nyumbani mara tatu, akala wali wangu, akapanga na mie idadi ya masufuria ya hitima, macho makavu. Nikamwambia hayo yote. Nilikuwa napiga ishara kwa nguvu mpaka bangili zinagongana.

Na hapo akaniuliza. Mama hakuwa na neno la kopi, hakuwahi kulihitaji. Kwa hiyo kaka akatumia ishara ya mapacha, vidole viwili vinavyogusana. Mbona hukuitengenezea pacha?

Sijawahi kuulizwa swali lililoniuma kuliko hilo, kwa sababu lilikuwa la haki na aliyeliuliza hakuwa na haki nalo. Nikanyanyua mkono nikampigia ishara ambayo mama alikuwa akiitumia kwa vipande vya vitambaa visivyofaa hata kuwekwa kiraka: kufagia mezani, kudondosha chini. Mama hakuwahi kuitumia kwa mtu. Kaka alikaa kama niliyempiga kofi.

Mama mkwe wake alikuwa anafuta machozi kwa kona ya kitenge. "Jamani," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "wanamkumbuka mama yao. Ona wanavyomwongea."

Nikaaga. Wifi akanifungia maandazi ya kwenda nayo. Niliyagawa njiani.

Fundi wa pili nilielekezwa na yule mtu wa kompyuta wa ofisini, ambaye hakuniambia "nilikuambia", na namshukuru. Alikuwa mwanamke wa Mbeya, mfupi, mkimya, kachumba kake kako ghorofani Kinondoni, madirisha yamefungwa na viatu vinabaki nje. Aliishika eksteno kwa ncha za vidole, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akaigeuza.

"Nani ameifungua hii?"

"Fundi mmoja Temeke."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akavuta kiti nikae, akachukua kisahani cha kikombe akanionyesha. Ndani ya diski, alisema, kuna sahani kama hii inazunguka kasi mno, na juu yake kuna kisindano kinachosoma. Hakigusi sahani. Kinaelea. Ikianguka, kisindano kinapinda. Ukiiwasha ikiwa imepinda, kinakwangua. Ile sauti ya kugonga ni kisindano kinatafuta pa kusoma hakipati.

"Ilipoanza kulia ulitakiwa kuizima pale pale, usiiwashe tena. Uliiwasha mara ngapi?"

Nikamwambia.

Akatazama chini. "Na vumbi nalo lishaingia," akasema. "Dada, mie sikupi matumaini. Nitatafuta nyingine ya aina hii hii, nitoe kisindano chake niweke humu, nijaribu mara moja. Kitakachotoka ndicho hicho. Na mtu mwingine akikuambia anaweza zaidi, usimpe."

Nilitaka kumkasirikia na yeye, sikupata pa kuanzia. Alikaa nayo wiki tatu. Hitima ikafanyika katikati yake, watu wakasoma, wakala, wakaondoka, na kaka alikuwa anahudumia upande wa wanaume na mie upande wa wanawake, hatukusalimiana.

Alipiga simu siku ya kazi asubuhi. Nikaomba ruhusa. Alikuwa ameokoa faili thelathini na moja, akanikalisha tuzifungue moja moja. Zilizofunguka zilikuwa kumi na tisa. Nyingine zilikuwa na sauti tu, na sikiliza ukatili wake: sauti. Kuku wa jirani, pikipiki, mie nakohoa nyuma ya simu. Video ya kiziwi iliyobaki na sauti. Nilicheka mpaka yule fundi akaniletea maji.

Ile ya kuku ilikuwemo kati ya zilizofunguka. Mama amekaa, khanga safi, anaeleza dirisha, anaeleza kuku mwekundu, anamshika baba mkono hewani, anafika kwa mjumbe, anaanza kunyanyuka kwenye mkeka. Sekunde ya arobaini na tatu picha inaganda. Amepiga goti moja, kiganja kimoja chini, uso umeanza kuwa uso wa yule mwizi. Hatua sita hazimo.

Baada ya hapo nilikutana na neno "angalau". Angalau zimepatikana hizo. Angalau una picha zake. Angalau ulimrekodi, wengine wana nini? Shoga yangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia angalau lugha yenyewe nyie mnayo vichwani. Nilimjibu vibaya na tulikaa mwezi hatuongei. Ndiyo, ninayo. Najua anavyosema Ijumaa. Lakini mie nikisema Ijumaa inakuwa ya kwangu, ya haraka haraka. Yeye vidole vyake viwili vya mwisho vilikuwa havinyooki kwa sababu ya miaka ya kushika mkasi, na Ijumaa yake ilikuwa inaacha mwanya pale, upande wa shavu. Huo mwanya ndio ninaoutaka. Haumo kichwani mwangu vizuri, na kila mwezi unazidi kufifia.

Kilichonitoa kwenye kukaa na kununa ni mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa Mbweni kwa mwanawe. Nilikwenda kumwona kwa sababu sikuwa nimemwona tangu hitima. Tulikaa nyuma ya nyumba, anachambua mchele, tunazungumza nusu kwa mdomo nusu kwa mikono, maana kwa mikono ndivyo alivyomzoea dada yake. Nikamweleza habari za diski. Akaacha mchele, akafungua fundo la khanga yake kiunoni, akatoa simu. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui.

"Hizi ulizokuwa unanitumia?" akasema. "Zimo."

Kipindi cha mwanzo nilikuwa namtumia vipande, acheke. Nilisahau kabisa. Nikashika simu yake, ujumbe juu unasema imejaa, imejaa, imejaa. Wanawe walikuwa wanamgombeza kila siku afute. Na mie pia niliwahi kumgombeza, msiba wa mama ulipotokea sikuweza kumtumia picha za kaburi kwa sababu simu yake haikupokea, nikamwambia, "Mama mdogo, futa basi hayo makorokoro."

"Sijui kufuta," akasema. "Na hata ningejua nisingefuta. Nyie watu wa sasa mna haraka ya kufuta."

Vilikuwa vipande kumi na vinne, vidogo, vimefifia kama vinatazamwa kupitia chandarua. Kimoja kilikuwa cha ule uzi wa mguuni, kizima. Sikuthubutu kukigusa. Nikamwomba asiiwashe wala kuizima, nikampigia yule fundi wa Kinondoni, nikakaa Mbweni mpaka alipokuja kesho yake mwenyewe na kompyuta yake, akavitoa vyote mbele ya macho yangu.

Sasa ninavyo vitu thelathini na tatu vya mama, na ninavitunza kama kichaa. Nakala moja iko kwangu kwenye diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ya pili iko Mbweni, kwenye bati la biskuti chini ya kitanda cha mama mdogo, ambaye sidhani kuna mwizi wa kumpita. Ya tatu iko mtandaoni, kwenye hifadhi ninayoilipia. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nazifungua, faili moja moja, nazitazama mpaka mwisho, kwa sababu nilijifunza kuwa kuona jina la faili si kuona faili. Kila baada ya miezi mitatu nakwenda Mbweni kufanya vivyo hivyo na lile bati. Ofisini wananicheka. Wakinicheka nawauliza, za kwenu ziko wapi? Picha za harusi, cheti cha mtoto ulichopiga picha, sauti ya baba yako? Kwenye simu, wanasema. Na simu ikitumbukia chooni? Wanacheka tena, na hakuna hata mmoja anayekwenda kufanya kitu. Nawakasirikia kwa dhati. Najua ni mie mwenyewe ninayejiona ndani yao.

Kaka alikuja Ukonga Jumamosi moja, miezi mitano baadaye. Hakuleta zawadi na hakuomba radhi kwa mdomo. Alikaa kwenye mkeka uani, akapitisha kiganja kifuani kuelekea chini, ambayo kwa mama ilikuwa ni "nimekosa", na sie watoto tulikuwa tukilazimishwa kuipiga baada ya viboko. Sikumjibu kwamba yameisha, kwa kuwa hayajaisha. Nilichukua simu nikamwambia, "Simulia. Chochote unachokumbuka. Kwa mikono, si kwa mdomo."

Tangu siku hiyo anakuja, sio kila wiki. Anasimulia, narekodi, halafu nasimulia mie, yeye anarekodi. Binti yangu anakaa pembeni na ameanza kuishika. Wiki iliyopita alimwambia mjomba wake kwa mkono kwamba anakula sana, na alikosea kidogo tu.

Lakini tunagombana. Jumamosi hii tumegombana juu ya mtoto wa kwanza wa mama, yule wa uzi, aliyefariki kabla hatujazaliwa. Picha hakuwa nayo, na kaburi lake siku hizi hakuna anayejua lilipo. Alikuwa na ishara yake tu, ambayo ni mama peke yake aliyeitumia, mara chache, na katika kile kipande cha Mbweni anamwita "mtoto" tu. Mie nakumbuka ilikuwa ni kugusa ncha ya sikio. Kaka anasema ni shingoni, chini ya sikio, kwa sababu alizaliwa na alama pale. Mama mdogo tulimuuliza, hakumbuki. Yeye alikuwa bado mdogo. Kuna video moja mama anamtaja mara nyingi kwa jina lake hilo, anamtaja na kumtaja. Naikumbuka tarehe yake. Ni kati ya zile mia moja na tisini na tatu ambazo diski haikuzirudisha.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni kaka akachoka.

"Basi, tuweke ya kwako," akasema.

"Sitaki kuachiwa," nikamwambia. "Nataka kujua."

Akavaa viatu akaondoka bila kuaga. Nimeziweka zote mbili kwenye rekodi, ya sikio na ya shingo, na Jumamosi ijayo nitamuuliza tena.